Raba za kukimbilia na maumivu ya muundi: namna ya kuchagua, dukani na mitumbani

Maumivu ya muundi huanza kwa karibu kila mtu kwa njia ileile. Asubuhi, kilomita ya kwanza, upande wa ndani wa mfupa wa ugoko unauma. Mwili ukipata moto maumivu yanatulia, nawe unajiambia yamekwisha. Kesho yake ukishuka kitandani yamerudi, na wiki inayofuata hayatulii tena hata ukikimbia saa nzima. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia juu kidogo ya kifundo kupanda hadi katikati ya mguu: utakuta sehemu ndefu, sentimita 5 au zaidi, inayouma ukiibonyeza.

Pale ndani mfupa umechoka. Kila unapokanyaga, mfupa hupindika kidogo mno, na mwili hujibu kwa kung'oa kilichochakaa na kujenga kipya mahali pake. Ujenzi huo huchukua wiki nyingi. Ukiongeza kilomita haraka kuliko mwili unavyojenga, mfupa hubaki na deni. Misuli ya shavu la mguu nayo, ile iliyojishikiza kwenye ukingo huohuo, huvuta utando unaofunika mfupa kila kisigino kinapoinuka.

Tunaeleza haya mapema ili usipoteze fedha. Kiatu kinaweza kupunguza mzigo unaofika kwenye muundi, kinaweza kuugawa vizuri, na kiatu kibovu kinaweza kuuongeza. Lakini mtu aliyekuwa akikimbia kilomita 5 kwa wiki, akaruka hadi 30 kwa sababu mbio za Kabaka za Aprili au MTN Kampala Marathon ya Novemba imekaribia, ataumia hata akivaa kiatu cha bei kubwa kuliko vyote dukani. Chagua kiatu vizuri, kisha uongeze mwendo polepole. Yote mawili.

Kabla ya kununua chochote

Kwanza hakikisha si ufa wa mfupa. Maumivu ya ufa hukaa mahali padogo, panapofunikwa na ncha ya kidole kimoja. Huuma ukiruka kwa mguu mmoja, huuma ukitembea tu, na mara nyingi huuma usiku ukiwa umelala. Ukiona hivyo, acha kukimbia leo, nenda hospitali, na usisubiri kiatu kipya kikuponye. Fahamu pia kwamba picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haioneshi ufa wa aina hii, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" halikupi ruhusa ya kurudi barabarani kama mfupa bado unauma pale pale. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika tangu aongeze mazoezi, na yeyote anayekimbia sana huku akila kidogo, amwambie daktari jambo hilo waziwazi, maana mfupa usiolishwa haujijengi.

Dalili nyingine ya kupeleka hospitali ni mguu kukaza kama umefungwa kamba, kufa ganzi au unyayo kulegea kila unapofika dakika fulani ya mbio, kisha hali hiyo kupotea ukipumzika. Hilo ni tatizo la shinikizo ndani ya misuli. Kiatu hakilitibu.

Pili, itazame njia unayokimbilia. Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji mwenye busara hukaa kulia akiyatazama yanayomjia. Barabara ya lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati, ikateremka kila upande ili maji ya mvua yatiririke. Ukikimbia ukingoni mwa kulia, mguu wako wa kushoto uko juu na wa kulia uko chini, na ule wa juu hulazimika kulalia upande wa ndani kuliko kawaida, hatua elfu kwa elfu. Kama muundi unaouma ni wa kushoto peke yake, barabara ndiyo ya kushukiwa kwanza. Dawa yake si kuvuka ukakimbie huku umeyapa mgongo magari na bodaboda. Tafuta njia tambarare, uwanja wa shule, au barabara ya moramu yenye magari machache.

Halafu kuna vilima. Kampala haina namna ya kuvikwepa. Kupanda Muyenga au Naguru kunachosha mapafu, ila kushuka ndiko kunakoumiza muundi, kwa sababu kila hatua ni breki. Mtu mwenye miundi inayouma apande akikimbia, ashuke akitembea, angalau kwa wiki tatu nne. Na moramu ya kiangazi isikudanganye kwa kuwa ni udongo: ikishashindiliwa na malori kwa miezi miwili bila mvua, huwa ngumu karibu sawa na lami.

Tatu, chukua raba zako za zamani uziweke mezani. Zimekwenda kilomita ngapi? Raba nyingi za kukimbilia hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na mtu mzito huzimaliza mapema kuliko mwepesi. Anayekimbia kilomita 25 kwa wiki hufika 500 katika wiki 20, yaani miezi mitano hivi. Kama maumivu yalianza raba zikiwa na mwaka mzima, huenda umekwisha kupata sababu mojawapo. Kama yalianza wiki mbili baada ya kununua raba mpya, angalia hizo mpya zinatofautianaje na zile ulizozizoea.

Pima mguu kwa sentimita

Namba za viatu zinachanganya. Namba 42 ya kampuni moja inaweza kuwa fupi kuliko 42 ya kampuni nyingine, na mitumbani utakuta lebo za Uingereza, Marekani na Ulaya zimechanganyika katika rundo moja. Sentimita hazibadiliki.

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na ukikimbia huvimba zaidi. Vaa soksi unazokimbilia. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito ukiwa kwenye mguu huo. Shika kalamu wima, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine kirefu ni cha pili, si kidole gumba. Pima miguu yote miwili na uchukue mrefu zaidi.

Sasa ongeza sentimita 1 hadi 1.5. Mguu wa sentimita 26.3 unahitaji kiatu ambacho soli yake ya ndani, ukiitoa na kuipima, ina urefu wa kati ya 27.3 na 27.8. Nafasi hiyo ya mbele si anasa. Unaposhuka kilima mguu husogea mbele, na vidole vikigonga kiatu utaanza kuvikunja kama unayeshika kitu. Misuli inayokunja vidole hupita nyuma ya mfupa wa ugoko, na kuikaza mbio nzima ni kuuongezea kazi muundi uleule unaotaka kuupumzisha.

Ukiwa hapo chora pia umbo zima la mguu, ukate karatasi ulifuate. Utakwenda nayo sokoni. Soli ya ndani ikiwa nyembamba kuliko karatasi yako kwa upande wa vidole, kiatu hicho si chako hata kama urefu unakubali.

Aina gani ya kiatu

Hapa ndipo wauzaji wanapozungumza sana, kwa hiyo tuangalie yanayojulikana.

Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wakanyage sakafu kwa mguu uliolowa maji, watazame alama, kisha wanunue kiatu kwa umbo la unyayo: bapa, wa kawaida, au wenye uvungu mkubwa. Jeshi la Marekani lilijaribu njia hiyo kwa askari wapya wa nchi kavu, wa anga na wa Marine. Waliopewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo waliumia sawasawa na waliopewa kiatu cha aina moja. Alama ya maji basi ni jambo la kujua tu, usiifanye hakimu.

Sponji ya soli ya kati, lile tabaka nene kati ya kitambaa na soli ya chini, ina maana zaidi. Katika jaribio la Luxembourg lililochapishwa mwaka 2020, wakimbiaji 848 walipewa viatu vinavyofanana kwa macho, baadhi vikiwa na sponji laini na vingine ngumu. Wenye sponji ngumu waliumia zaidi, na tofauti ilionekana hasa kwa watu wepesi. Hilo huwashangaza wengi, maana imezoeleka kudhani kwamba mtu mnene ndiye anayehitaji sponji laini. Watafiti haohao walikuwa wamechapisha jaribio jingine mwaka 2016, wakimbiaji 372, likilinganisha viatu vya kawaida na vile vilivyoimarishwa upande wa ndani ili mguu usilalie ndani. Vilivyoimarishwa vilisaidia, hasa wale ambao miguu yao hulalia ndani sana.

Kutokana na hayo, ushauri wetu ni huu. Kama hujui uanzie wapi, tafuta kiatu cha kawaida cha mazoezi, chenye sponji ya wastani, laini lakini isiyoyumba. Kama ukisimama kwa mguu mmoja na kukunja goti kidogo unyayo unalala wote sakafuni na kifundo kinaingia ndani waziwazi, jaribu kiatu kilichoimarishwa. Utakitambua kwa sponji ya upande wa ndani: ni ngumu kuliko ya nje ukiibonyeza, na mara nyingi ina rangi tofauti, kijivu aghalabu.

Kisha kuna mteremko wa kiatu, yaani tofauti ya kimo kati ya mahali kisigino kinapokaa na mahali vidole vinapokaa. Raba nyingi za mazoezi zina milimita 8 hadi 12, zile za chini zina 0 hadi 4. Mteremko mdogo huhamishia kazi kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino; mkubwa huihamishia gotini. Hakuna ulio mbaya wenyewe. Kibaya ni kuhama ghafla. Aliyezoea milimita 10 akinunua kiatu cha 0 na kukikimbilia kilomita 8 siku ya kwanza, atashindwa kupanda ngazi kesho yake, na muundi utalalamika ndani ya wiki mbili. Kwa mwenye maumivu sasa hivi, kaa karibu na mteremko uliouzoea. Kama lebo haisemi, andika jina la kiatu kwenye simu na utaliona.

Kuhusu viatu vyenye bamba la kaboni, vile vinavyoonekana miguuni mwa Joshua Cheptegei na Jacob Kiplimo kwenye mbio za barabarani: ni viatu vya kushindania, vya siku moja. Bamba huufanya mguu ufanye kazi kwa namna nyingine, na madaktari wameripoti majeraha ya mifupa ya mguu kwa wakimbiaji waliovitumia. Usivinunue ili kutibu maumivu.

Meno ya soli: kwa moramu na lami, meno mafupi ya milimita 2 hadi 4 yanatosha. Viatu vya milimani vyenye meno marefu vinafaa matope ya Kapchorwa msimu wa mvua, lakini kwenye lami mguu hukaa juu ya vijiti na kuyumba. Tazama pia kama soli ina mfereji mpana katikati. Mfereji huo hukamata vijiwe vya moramu, na kijiwe kimoja kilichokwama upande mmoja hukuinamisha mguu mbio nzima bila wewe kujua.

Mitumbani: kiatu kilichokwisha valiwa

Wengi wetu hununua Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, au kwenye masoko ya mivumba, yaani mitumba, ya Mbale, Gulu na Arua. Si jambo baya hata kidogo. Kuna raba huko zilizokimbiwa kilomita 50 zikaachwa. Shida ni kwamba pembeni yake ipo nyingine iliyokimbiwa 900, imesuguliwa kwa brashi na sabuni hadi inang'aa kuliko ya kwanza. Usafi hausemi chochote kuhusu sponji. Nenda asubuhi kwenye mwanga, na usifanye haraka.

Hatua ya kwanza, omba ubao au meza iliyonyooka, weka jozi juu yake, chuchumaa uitazame kwa nyuma, macho yako yakiwa usawa wa visigino. Mstari wa katikati ya kisigino usimame wima. Ukilalia ndani au nje, sponji imeshapondeka upande mmoja kwa uzito wa mwenye kiatu wa kwanza, na ukikivaa utasimama kama yeye alivyosimama. Kosa hili halitengenezeki. Rudisha kiatu na usiulize bei.

Ya pili, tazama ubavu wa sponji kati ya kitambaa na soli ya chini. Mikunjo midogo kama ngozi ya mkono ni ya kawaida. Mikunjo mirefu, ya kina, iliyolala kama mistari, hasa chini ya kisigino na chini ya mpira wa mguu (ile sehemu nene ya unyayo nyuma ya vidole), inaonesha sponji iliyolala na haitanyanyuka. Wapo wanaopaka rangi nyeupe kuificha. Kwaruza kidogo kwa ukucha: rangi ya kupaka hutoka kama maganda.

Ya tatu, ingiza mkono ndani ya kiatu, bonyeza chini kwa kidole gumba, mahali pa kisigino na mahali pa mpira wa mguu, huku mkono mwingine ukishika soli kwa nje. Sponji hai hubonyea na kurudi. Iliyokufa inafanya moja kati ya mawili: haibonyei kabisa, au inabonyea na kubaki hapo. Linganisha cha kushoto na cha kulia. Kama huna hakika, omba muuzaji akupe raba mpya yoyote uibonyeze kwanza, kidole kikumbuke.

Ya nne, shika ncha na kisigino, kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama kandambili, uti wake umevunjika. Kisha kisokote kama unayekamua nguo: kigome kiasi. Kinachosokotwa kama kitambaa kinaacha kazi yote kwa misuli yako.

Ya tano, minya kikombe cha kisigino, ile sehemu ngumu inayokumbatia kisigino kwa nyuma. Ikilala kwa vidole viwili, mwenyewe alikuwa akikivaa bila kufungua kamba, akikikanyaga nyuma. Kisigino chako kitacheza humo ndani.

Ya sita, geuza. Mpira wa soli ukiwa umelika hadi sponji inaonekana, kiatu kimekwisha. Ukiwa umelika kidogo kwenye ukingo wa nje wa kisigino, ni kawaida. Watu wengi hutua hapo.

Ya saba watu huisahau: tafuta uzi na gundi. Raba nyingi za kukimbilia hazishonwi kuzunguka soli. Ukiona mshono wa fundi ukizunguka ukingoni, soli ilikwisha banduka, na mshono umetoboa sponji na kuikaza. Gundi ngumu inayong'aa pembeni ni habari ileile. Jaribu kuingiza ukucha kati ya soli na sponji pale mbele kwenye vidole. Ukiingia, itabanduka kabla ya mwezi.

Mwisho, toa soli ya ndani. Alama za vidole vya mtu zilizochimbika sana zinakuambia kilomita nyingi kuliko maneno ya muuzaji. Weka karatasi yako ya mguu juu yake. Kisha soma lebo iliyo nyuma ya ulimi, katika viatu vyote viwili: mitumbani kushoto hutokea kuwa 42 na kulia 42 na nusu. Kampuni nyingi huandika hapo mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kikiwa na zaidi ya miaka 5, sisi tunakiacha hata kama hakijavaliwa, kwa kuwa gundi na sponji huzeeka ndani ya boksi. Kuna aina ya sponji nzito ambayo unyevu huivunjavunja: unakivaa kizima, kilomita ya tatu kinamwagika kama makombo ya mkate.

Muuzaji akikuambia, "Ssebo (bwana), hii ni orijino kutoka Ulaya," anaweza kuwa anasema kweli. Orijino iliyokufa bado imekufa. Na viatu vipya vya kuiga vinavyouzwa mitaani vikiwa na nembo kubwa, mara nyingi sponji yake ni ngumu kama ubao kwa kidole kilekile gumba. Kati ya kuiga kipya na mtumba mzuri, chukua mtumba.

Kukijaribu mguuni

Vaa vyote viwili, funga kamba hasa, simama. Mbele ya kidole kirefu pawe na upana wa kidole gumba. Vidole viweze kutanuka. Kisigino kisipande ukitembea. Kisha kimbia, hata kama ni mita 30 kati ya vibanda, na tafuta mteremko au ngazi ushuke mara mbili.

Kitu cha kusikiliza ni raha. Kiatu chema kinasahaulika mguuni ndani ya dakika moja. Ukisikia kinabana, kinasugua, kinakusukuma ndani au nje, kiache. Maneno kwamba "kitaachia ukikizoea" yalikuwa ya viatu vya ngozi. Raba haiachii mguu, ni mguu unaoumizwa hadi uzoee.

Kama kila kitu kiko sawa ila kisigino kinapanda kidogo, tatizo linaweza kuwa kamba tu. Funga kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Kisha, badala ya kuvusha, ingiza kila ncha ya kamba katika tundu la mwisho la upande wake huohuo, kutoka nje kwenda ndani, uache kitanzi kidogo. Pitisha ncha ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto, vuta kuelekea chini, funga fundo. Kisigino kitakaa bila kubana mguu mzima. Usikaze sana pale juu mbele ya kifundo: msuli unaoinua unyayo hupita hapo, na kamba iliyokaza huleta maumivu ya mbele ya muundi ambayo watu huyachukua kuwa ugonjwa mwingine.

Kwa askari na wanaojiandaa kuingia jeshini au polisi, ambao hawachagui buti, kinachobaki ni soli ya ndani yenye sponji ya kupunguza mshtuko. Ya milimita 3 hadi 5 inatosha. Toa ile ya zamani kabla ya kuweka mpya. Mbili zikipandana, kisigino hutoka kwenye kikombe chake na vidole hubanwa juu. Fundi viatu anaweza kukukatia kutoka karatasi ya sponji ukimpa kipimo chako.

Kuanza nacho

Usitupe raba za zamani siku unayonunua mpya, isipokuwa zimelala upande. Kama miundi imepoa kiasi kwamba unatembea dakika 30 bila maumivu, anza hivi: wiki ya kwanza, mara mbili tu kwa raba mpya, kilomita 2 hadi 3 kila mara, siku nyingine zile za zamani. Wiki ya pili, mara tatu. Wiki ya tatu, nusu ya kilomita zako. Anayetoka kwenye maumivu akimbie dakika 1, atembee dakika 1, mara 10, siku moja ndiyo siku moja siyo, kabla ya kuunganisha. Maumivu yakizidi wakati wa kukimbia au asubuhi ya pili, rudi wiki moja nyuma.

Ukimudu jozi mbili za aina tofauti, zibadilishe kwa zamu. Kila kiatu hupiga mguu mahali tofauti kidogo, na uchunguzi wa wakimbiaji huko Luxembourg ulionesha kwamba waliokuwa wakibadilisha viatu waliumia mara chache zaidi.

Na kuna jambo lisilogharimu shilingi. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa sekunde 30 ukiwa katika mwendo wako wa kawaida, zidisha kwa 4. Hizo ni hatua zako kwa dakika. Ukipata 160, jaribu 168 hadi 176 bila kuongeza kasi, yaani fupisha hatua. Mguu hutua karibu na mwili, breki hupungua, na mzigo kwenye mfupa wa ugoko hupungua kwa kila hatua. Wengi hupata nafuu hapa kuliko walivyoipata dukani.

Kuzitunza

Raba nyingi nzuri huuawa juu ya mabati. Mtu ametoka mbio za mvua, kaziosha, kazianika kwenye paa saa sita mchana. Bati linachoma kama kikaango, gundi inalegea, sponji inakakamaa. Osha kwa maji ya baridi, sabuni kidogo na brashi laini. Toa soli ya ndani na kamba, zioshe kando. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa, uziweke kivulini penye upepo. Msimu wa mvua zinaweza kuchukua siku mbili kukauka, ndiyo sababu nyingine ya kuwa na jozi ya pili. Udongo mwekundu ulioganda chini uchokoe kwa kijiti siku hiyohiyo. Tope lililokauka kati ya meno huongeza uzito na huinamisha kiatu kama kile kijiwe.

Siku unapoanza kuzitumia, chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike tarehe chini ya soli ya ndani. Kila mwisho wa mwezi ongeza kilomita zako hapo. Kwa mtumba anza kuhesabu kutoka 200, hata kama ulionekana mpya. Zikifika 500, zirudishe mezani, uchuchumae uzitazame kwa nyuma tena.